Shikamoo ya Samaki

Bosi alinisukumia ripoti nitie sahihi. Pale nilipoandika kwamba samaki wetu wa sampuli ana miaka arobaini na mmoja, sasa palisomeka kumi na minne.

Wageni wa kampuni ya uvuvi walishajaa ofisini, vicheko juu. Ilibaki sahihi yangu tu, meli zao zikazoe samaki wa bahari ya barafu.

"Mama Barafu, tia tu, dada. Samaki huzaana," bosi akanibembeleza kwa jina langu la utani.

Damu ikanichemka. Samaki wa maji yale hukua polepole mno; wakizolewa, hawarudi upesi. Kijiwe cha sikio lake huongeza pete moja kila mwaka. Pete hizo nimezihesabu mara tatu, mpaka macho yakatoa machozi.

Nikaleta hadubini kutoka maabara, kijiwe kikiwa chini ya lenzi, nikaibwaga katikati ya vikombe vyao vya chai.

"Ndugu, una miaka mingapi?" nikamuuliza mkubwa wao.

"Thelathini na tisa."

"Basi mpe samaki shikamoo yake, ni kaka yako. Kisha hesabu pete zake. Kwa sauti."

Akainama akicheka. Alipofika ishirini na mbili, hakuna aliyecheka tena.

Bosi akanyoosha mkono kuzima taa ya hadubini. Nikamkamata kifundo cha mkono.

"Thubutu."