Kumgeuza Bi Kirembo

Tangu sheria ya kuzuia vidonda vya kulala ianze, mgonjwa wa kitandani aligeuzwa na timu ya mtaa tu, kila baada ya saa mbili, godoro lenye kompyuta likiwaita lenyewe. Riziki alichoka kuwafungulia mlango.

Mchana mmoja mama yake, Bi Kirembo, alimwomba, "Mwanangu, nielekeze dirishani nione mvua."

Riziki akamshika bega. Godoro likakaza mikanda iliyomshika mama, likasema, "Subiri timu. Zimebaki dakika arobaini."

"Huyu ni mama yangu, jamani!" Riziki alifoka, akalipiga teke.

Timu ilipofika, mvua ilikuwa imekatika. Walimlaza kwa ustadi ubavu ambao zamu yake ilikuwa imefika, wakamkagua mgongo na visigino, wakapiga makofi: mwaka wa tatu bila kidonda. Bi Kirembo akawashukuru, uso wake ukiwa umeelekea ukutani.