Zoloto la Dada

Zoloto lile, kisanduku cha sauti cha kooni, fundi alilibuni mwenyewe: nyuzi mbili za mpira, nyembamba kama utando wa kitunguu, zitikisike mahali pa nyuzi za sauti zilizoliwa na saratani. Daktari alikwisha kulipandikiza kwenye koo la dada yake. Kilichobaki ni kuliwasha.

Rekodi ya sauti ya dada haikuwapo, hata ya kuimba bafuni. Basi fundi, bingwa wa kumwigiza dada kwa sauti ya puani tangu utotoni, alijirekodi yeye akimwigiza, akalilinganisha zoloto na rekodi hiyo. Nani angejua?

Akabonyeza kitufe chini ya kidevu cha dada, kwa heshima zote, kama mgeni rasmi anayekata utepe.

Kovu la shingoni likapanda, likashuka.

“Mama,” dada akaita. “Mama, ni mimi.”

Machozi yakamlengalenga fundi.

Jikoni sufuria ikaanguka, Mama akafoka: “We mwanahizaya! Mwenzako hana sauti, bado unamwigiza? Hiyo sauti yako ya puani naijua!”

“Mama, ni mimi kweli,” dada akasema.

“Na anaendelea! Ngoja nije na mwiko!”

Dada akamtazama kaka yake, akangoja amwambie Mama ukweli. Kisha akapeleka kidole chini ya kidevu, akalizima zoloto.