Kola Iliyogeuzwa

"Hilo shati jipya umelitoa wapi, bwana?" bosi alimuuliza mtunza stoo, ofisi nzima ikisikia.

Angeweza kutaja duka lolote, wakamwamini. Kumbe shati lenyewe lilikuwa rika la kifungua mimba wake.

Akainua kola wauone upande wa chini. Kitambaa kilikuwa kimelika, nyuzi zimechomoza kama ndevu za beberu.

"Mke wangu kaifumua, kaigeuza, kaishona tena," alisema, kifua mbele. "Yule mwanamke acheni tu!"

Wenzake wakaangua kicheko. Bosi hakucheka. Alingoja watawanyike, akalegeza tai, na kola yake ikajifunua, imechanika ukingo mzima.

"Eti," alinong'ona, "shemeji anapokea na kazi za nje?"