Tangazo la Kitwitwi

Kitwitwi, ndege mdogo, alikuwa fundi wa kusafisha meno ya Mamba, lakini hakuwa na mteja mwingine. Chiriku, bingwa wa maneno, akamshauri, "Jitangaze, ndugu yangu! Usipoionyesha kazi yako, nani ataijua?"

Kitwitwi akapanga kando ya mto mabaki yote aliyoyachokoa katika meno ya Mamba, akayasugua hadi yakang'aa.

Mama Swala, aliyekuwa akimtafuta mwanawe tangu masika, akaja kunywa maji. Akasimama mbele ya ukwato mdogo wenye doa jeupe.

"Karibu, mama!" Kitwitwi akaita. "Huo ulinitoa jasho kweli. Unauonaje?"

"Umetakata," Mama Swala akajibu polepole. "Mimi nilikuwa naulamba kila asubuhi, na haukuwahi kung'aa hivi."