Kidani cha Mwanaidi

Kwanza niliona midomo ya binti yangu Mwanaidi ikifumba kabla maneno hayajaisha, kwa sababu kidani cha mashine alichovaa shingoni ndicho kinachomsemea. Zamani, Mwanaidi alipotaka kusema kuku, alisema "tutu", tukacheka.

Siku ya kumchagulia tiba ya matamshi, mashine ya kliniki iliniuliza, "Mama, utamfanyisha mazoezi nyumbani?" Nikainama, nikanyamaza. Kwetu msichana akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, amekubali; nami nilikubali hivyo. Mashine ikaandika: mama hawezi, mtoto avae kidani.

"Ikishaandika, mwanangu, hayafutiki," akaniambia Bi Nasra, mtaalamu wa matamshi.

Leo kidani kinasema, "Mama, nataka kuku," kwa sauti ya mwanamke nisiyemjua. Mwanaidi ananitazama tu.

Namvua kidani, namshika mashavu.

"Naweza, mwanangu. Siku ile pia niliweza. Hebu sema tutu."