Boksi la Tano

"Kwa mitaala ya kusomeshea watoto nyumbani, niulizeni mimi," LuAnn Brubaker aliwaambia akina mama wenzake kwenye meza za vitabu vya mitumba, ukumbi wa chini wa kanisa. "Nimefundisha minne kwa mwaka mmoja." Akajimalizia mwenyewe: "Na Tirzah wangu bado anashika kitabu kichwa chini miguu juu."

Wenzake wakacheka. LuAnn naye akacheka.

Tirzah alikuwa na miaka saba. Mtoto mwepesi wa ulimi, mwenye maswali mengi kuliko polisi, lakini mweke mbele ya neno la herufi tatu, anageuka bubu. Bibi yake, Arlene, mama mkwe wa LuAnn, alifundisha shule ya serikali miaka thelathini na hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa akija Jumapili na pai ya tufaha, anamtazama mjukuu, anasema tu kwamba basi la njano la shule linapita pale mlangoni kila asubuhi na halidai nauli.

Dwight, mume wa LuAnn, akachoka kukaa katikati ya mama na mke. Akakata shauri: Juni mwalimu mkaguzi anakuja, kama sheria inavyotaka. Mtoto akikutwa hasomi, Agosti anapanda basi. LuAnn akaiona nyumba ya Agosti hiyo: yeye, mbwa, na mashine ya kufulia.

Si kwamba hakujaribu. Kila mtaala uliagizwa kwa posta ndani ya boksi lake. Boksi la kwanza lilikuja na herufi za mbao na nyimbo za kupigia makofi. Wiki mbili Tirzah alikuwa moto. Nyimbo zilipokwisha na vitabu vikaanza, akakwama kwenye herufi B. La pili lilikuwa la kutembea porini na kuchora majani kwa kalamu za nta. Majani yakachorwa, B ikabaki palepale. La tatu lilikuwa na kinu kidogo cha kusagia ngano, maana waliolitunga waliamini mtoto akijua kuoka mkate, kusoma kutafuata kwenyewe. Mkate ulikuwa mtamu. Ila la nne, lenye hadubini ya kutazamia wadudu, ndilo lililomliza LuAnn. Tirzah aliieleza miguu yote ya nzi, mmoja baada ya mwingine, halafu alipoulizwa neno "nzi" liko wapi, akaonyesha nembo ya kampuni.

"Labda langu bado hatujalipata," Tirzah alimwambia, akimpapasa mama yake mgongoni. "Lipo la vifaranga. Linakuja na mayai na mashine ya kuangulia, halafu kila siku unaandika yakoje."

LuAnn akajifuta machozi. Hakukumbuka kumwonyesha boksi hilo, ila katalogi za mitaala zilikuwa zimezagaa nyumba nzima, hata chooni, na picha ni picha.

Zilipobaki siku tisa mkaguzi aje, LuAnn aliacha kufundisha, akaanza kupanga. Alichukua kitabu kidogo cha mbuzi aliyepanda toroli, akakikunja mgongo mpaka kikawa kinajifungua chenyewe ukurasa wa sita. Ukurasa huo na wa saba akamkaririsha Tirzah kwa sikio, huku wakiosha vyombo. Akamfundisha kidole kitembee wapi, na wapi akwame kidogo, ili isijulikane maneno yanatoka kichwani. Mtoto akashika kwa siku mbili. Alichotaka kujua ni kimoja tu, yeye atapata nini.

"Boksi la vifaranga," LuAnn akasema. "Ukimaliza tu ukurasa wa saba, naagiza."

"Kweli, mama?"

"Nimewahi kukudanganya mimi?"

Yote hayo aliyaweka kwenye daftari lake la mipango, hatua kwa hatua, maana alikuwa mwanamke wa kuandika mambo.

Mkaguzi, Bi. Eshelman, alikuja Alhamisi. Arlene naye akaja bila kualikwa, akakaa mwisho wa meza ya jikoni na kahawa yake. Bi. Eshelman akapekua faili la kazi za mwaka, akaisifu sana miguu ya nzi, kisha akaomba amsikie mtoto akisoma.

Kitabu kikajifungua. Kidole kikatembea. Mbuzi akapanda toroli, msomaji akakwama penye kukwama, toroli ikateremka kilima, na sauti ilikuwa safi mpaka Arlene akaweka kikombe chini.

Bi. Eshelman akafungua kalamu yake ili atie sahihi. Akauliza ni mtaala gani uliofanya kazi hiyo, maana anao wazazi wengine wanaohangaika. LuAnn akammiminia kahawa kwanza, taratibu. Akasema siri haimo kwenye boksi, imo kwenye subira. Mtoto hakaririshwi, alisema. Mtoto anaachwa asome kwa wakati wake. Arlene, kwa shida, akakubali kwamba huenda yeye ndiye aliyekosea.

Tirzah, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha, alikuwa ameliinamia daftari la mama yake, lililobaki wazi karibu na sahani ya biskuti. Akainua uso, umekunjamana.

"Mama," akasema, kidole kikiwa katikati ya ukurasa, "si uliniahidi vifaranga? Mbona hapa umeandika, 'Mkaguzi akishadanganyika na zile kurasa mbili za kukariri, hakuna kununua boksi lingine, vifaranga asahau'?"