Siku Saba kwa Mama Wekoye

"Lenah, simama hapo hapo!"

Lenah alikwama katikati ya uwanja, mikono imenyooshwa. Alikuwa ametoka mbio kumpokea mumewe, Bramwel, aliyekwenda Nairobi kupimwa uvimbe wa shingo. Bramwel alimpita kwa mbali kama anayekwepa ng'ombe mkali, akaelekea nyumba ya mke mkubwa, Pauline.

"Nitalala huku siku saba. Mama Wekoye atakueleza."

Kuelezwa na mke mwenza? Pauline alipobisha hodi jioni ile, Lenah alisukuma komeo. Kesho yake vivyo hivyo.

Kazi yake ikawa kuchungulia dirishani. Aliona sahani ya Bramwel ikioshwa peke yake, ikianikwa peke yake. Ati siku hizi ana sahani ya kifalme! Alisikia kicheko cha Pauline. Tumbo lililomsumbua kwa wasiwasi tangu mumewe aondoke, sasa lilichafuka kwa harufu ya kuku waliyekuwa wakimkaanga kule. Miaka minane ya ndoa hakuwa amepata hata mtoto wa kusingiziwa. Pauline alikuwa na Wekoye, kijana wa bweni, kidato cha nne. Na bado alitaka mume mzima!

Siku ya nne Lenah alifunga virago arudi kwao Tuwan, Kitale. Pauline alimkuta langoni.

"Umeshinda, Mama Wekoye. Mchukue."

"Nimchukue nimpeleke wapi? Mara mbili nimebisha, unanifungia mlango." Pauline alishusha sauti. "Alimezeshwa dawa yenye miale, ndio shingo ionekane vizuri kwa picha. Hiyo miale inakaa mwilini siku kadhaa. Daktari amemkataza kukaribia mtoto mdogo ama mama mjamzito. Hata mimi analala chumba cha Wekoye, mimi kwangu."

"Si uongo huo! Mtoto mdogo yuko wapi hapa? Mjamzito ni nani?"

Pauline alimpokonya ule mfuko mzito wa virago, akautundika begani mwake mwenyewe.

"Wiki mbili nakusikia ukitapika nyuma ya choo, na hujui," alisema. "Lenah, unafikiri ni nani alitembea mpaka Ndalu, penye mtandao, kumpigia Bramwel simu, na aliposikia habari ya hiyo dawa akamwambia akifika asikuguse?"